Ugali Unaovuka Reli

Sogea karibu, wewe unayenisoma, nikueleze habari ya ugali unaovuka reli. Nikianza kutaja umeme, nyaya na mipango ya serikali usikimbie. Nimefundisha sayansi hapa Handeni kwa miaka mingi, na darasani nimejifunza kwamba jambo gumu huwa na upande mmoja mwepesi, ukilishikia hapo linanyanyuka. Upande mwepesi wa jambo hili ni sufuria ya mama yangu.

Mama anakaa Old Korogwe, upande wa mtoni. Ng'ambo ya reli anakaa mama yangu mdogo, mke wa pili wa marehemu baba. Nyumba zote mbili alizijenga baba mwenyewe, na alizitenga hivyo kwa makusudi. Wenzake walipomuuliza kwa nini hakununua kiwanja kimoja kikubwa, aliwajibu, "Nimeweka reli katikati. Wakitaka kugombana, wangoje kwanza treni ipite."

Hawakugombana. Lakini hawakupendana pia. Walikutana misibani na harusini, wakasalimiana kwa adabu, kila mmoja akarudi kwake. Salamu zao za siku za kawaida tulizibeba sisi watoto, tukizipitisha juu ya kokoto kama mtu aliyetumwa mayai. Baba alikaa kwa zamu, na ukitaka kujua zamu ya nani ulitazama viatu vyake viko mlango upi.

Baba alifia Mazingara, huku kwetu Handeni, kwenye shamba la ukoo wake, na huko ndiko alikozikwa. Wake zake wawili wakakalia eda huko huko, nyumbani kwa shemeji yao, chumba kimoja na jiko moja. Eda ni ndefu, na jiko lile lilikuwa dogo. Mama ni Msambaa. Mama mdogo ni Mzigua wa hapo hapo Mazingara. Mimi nilikuwa nakwenda kuwaona kila mwisho wa juma, na mara ya kwanza niliwakuta wananyang'anyana mwiko.

"Lete huo mwiko," mama alikuwa anasema. "Ugali wako una mawe. Tungekuwa na simenti tungeongeza chumba."

"Chukua, dada. Lakini mboga niachie mimi. Wewe mlenda unauchemsha mpaka unaomba radhi."

Nilidhani ni ugomvi. Kumbe ndivyo walivyokuwa wamegawana kazi. Tangu siku hiyo mama alisonga ugali na mama mdogo akapika mboga, na eda ilipokwisha kila mmoja alikuwa amesahau nusu ya mapishi yake.

Walirudi Korogwe kwa basi moja. Kesho yake mama akasonga ugali, akauweka mezani, akakaa anautazama. Mboga hakuwa ameipika, wala haikumjia akilini kuipika. Akaufunika, akavaa kandambili, akapanda tuta la reli, akashuka upande wa pili. Akamkuta mwenzake amekaa mbele ya sufuria ya mlenda, maji ya ugali hayajabandikwa.

"Nilikuwa nangoja," mama mdogo akasema.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Sijui. Nilikuwa nangoja tu."

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Ugali upande huu, mboga upande ule. Kila adhuhuri mama hufunga hotpoti ndani ya kanga na kuvuka. Hotpoti hiyo aliinunua Manundu, kwenye duka la Mhindi mmoja ambaye familia yake imekuwa Korogwe kabla hata mama hajaolewa. Yule bwana alimwambia, "Bibi, hii ukipakia ugali hapa utafika Moshi una moto." Mama akamjibu kwamba yeye hafiki Moshi, anafika ng'ambo tu, ila ampunguzie bei kwa ajili ya safari iliyobaki.

Nikueleze anavyovuka, kwa sababu ndipo penye habari yetu. Jicho la kushoto la mama lina mtoto wa jicho na la kulia limeanza kuchoka. Treni kwa mbali haioni. Masikio nayo si yale ya zamani. Kwa hiyo akifika kwenye reli anavua kandambili moja, anaweka unyayo juu ya chuma, anatulia. Baba ndiye aliyemfundisha. Chuma hubeba mtikisiko kutoka mbali kuliko hewa inavyobeba sauti, na treni yetu ya dizeli ni nzito na haina haraka. Unyayo wa mama huipata ikiwa bado iko mashambani huko, hata honi haijasikika. Akisikia kitu anarudi nyuma, anakaa kwenye jiwe lake mpaka ipite. Asiposikia kitu anavuka, na upande wa pili mama mdogo huwa amekwisha kusimama chini ya tuta, mkono umenyooshwa, kwa sababu kokoto za upande ule zinateleza. Mama anamshika kiganja, anashuka. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni mtu mmoja anajishika mwenyewe.

Sasa, umeme.

Mpwa wangu alioa Dodoma, nami nikaenda harusini kwa ile treni mpya ya umeme, kutokea Dar es Salaam. Niliporudi nilipitia Korogwe nikawasimulia wakati wa chakula. Niliwaambia kwamba kikombe changu cha chai kilikaa mezani bila kumwagika, kwamba treni haina moshi wala mngurumo, na kwamba madirisha yake hayafunguki.

"Hayafunguki?" mama mdogo akashtuka. "Sasa mtu akitaka chungwa njiani?"

"Hanunui, mama mdogo. Haisimami kila mahali."

"Hiyo si safari, hiyo ni kupelekwa."

Mama alitaka kujua treni hiyo inauweka wapi umeme wake, kama kuna pipa. Nikamwambia haibebi chochote. Juu ya reli, kwenye nguzo, umevutwa waya mrefu kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho. Treni ina mkono mgongoni, umekunjika kama mguu wa panzi, na kazi ya mkono huo ni kugusa waya tu. Inakwenda huku inagusa, inagusa huku inakwenda, na umeme unateremka kwenye mota zinazozungusha magurudumu.

"Kama mtu anayepapasa ukuta gizani," mama akasema.

Nimefundisha miaka yote hiyo na sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo. Nikamwambia ndivyo hasa.

"Na umeme wenyewe wanautoa wapi?"

Hapo nikafurahi, maana jibu lilikuwa linapita nyuma ya nyumba yake. Nikawaeleza kwamba mwingine unatokana na gesi, mwingine na mito. Maji haya ya Pangani yakitoka hapa kwetu yanateremka mpaka Hale, na huko yanaangushwa kwa nguvu yazungushe mitambo. Umeme unaotoka huko unaingia kwenye gridi, unachanganyika na wa mito mingine, na ukishachanganyika hakuna anayeweza kusema tone hili ni la wapi. Ndiyo sababu moja ya serikali kutaka reli mpya ziende kwa umeme, nikawaambia. Dizeli tunainunua nje na kuisubiri meli ituletee, lakini mto hatuuagizi kwa meli.

Mama akaweka tonge chini. "Kwa hiyo maji ninayofulia kanga zangu yanavuta watu mpaka Dodoma?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi wangenipa japo kiti cha dirishani."

"Lisilofunguka," mama mdogo akamalizia, na wakacheka wote wawili mpaka mama akapaliwa.

Wakaniuliza kama reli hiyo itafika na kwetu. Nikawajibu nilichokuwa najua, kwamba inasemwa upande wa Tanga nao umo kwenye mipango, ila lini, sijui. Nikapanda basi nikarudi Handeni, ambako hatuna reli ya aina yoyote, ya umeme wala ya dizeli, na habari za treni tunazipata kwa wageni.

Haukupita muda mrefu, mama akanipigia simu mchana. Alikuwa ananiita mwalimu, jina analonipa akiwa na furaha.

"Mwalimu! Leo serikali imekuja, na tumeishinda."

"Mmeishindaje, mama?"

"Walikuja watu wa kupima reli mpya. Kiongozi wao binti mdogo tu, ana kofia ngumu na kishikwambi mkononi. Ana adabu, ametuamkia sote. Wakauliza, wazee wetu, hapa huwa mnakatiza reli? Mtaa mzima tukasema hapana."

"Mtaa mzima?"

"Mwenyekiti wa mtaa akasema hapana. Fundi baiskeli akasema hapana. Mimi nikasema tangu niolewe sijakanyaga kokoto zile."

"Mama!"

"Ngoja, hujasikia. Yule binti mjanja. Akaonyesha njia yenyewe, unajua ilivyokwanguka mpaka imekuwa nyeupe. Akasema, na hii, bibi? Nikamwambia hiyo ya mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Na yeye aliuliza hivyo hivyo. Nikamwambia wa mtaa."

Usiwacheke haraka. Pale karibu na njia kuna kibao cha siku nyingi kinachokataza kukatiza reli. Kimepauka, herufi nyingine zimeliwa na kutu, lakini kila mtu anajua kinasema nini. Kwa watu wa pale, yeyote mwenye kofia ngumu anayeuliza kama mnakatiza alikuwa ni mtu wa faini, na jibu la swali hilo walilifundishwa tangu utoto kama wanavyofundishwa kuitikia hodi. Walijibu swali la zamani. Yule binti alikuwa ameuliza swali jipya.

Nilikaa kwenye ngazi ya darasa nikamweleza mama polepole, jinsi ninavyomweleza mwanafunzi aliyepata jibu zuri la swali ambalo halikuulizwa. Nikamwambia, mama, reli ya umeme haiachwi wazi. Inazungushiwa uzio pande zote mbili, kwa sababu treni inakwenda kasi sana, haina kelele, na nyaya zake zina umeme mkali. Huwezi kuikatiza kwa juu. Lakini mahali ambapo watu wanapita kila siku, wanaweza kujenga kivuko cha chini, kama kalavati kubwa la kupita mtu na mifugo yake. Nimeviona kwa macho yangu nikienda Dodoma. Wanaviweka wanapojua kuna njia. Binti yule alikuwa anatafuta njia.

Kwenye simu nikamsikia mama akifukuza kuku mlangoni.

"Na mahali ambapo hakuna njia?" akauliza.

"Uzio unapita moja kwa moja."

"Mimi nina mguu wangu. Mguu wangu hautaisikia hiyo ya umeme?"

"Labda utaisikia, mama. Lakini kutoka kuisikia mpaka kuiona imefika, hutapata hata muda wa kuvaa kandambili."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mazingara, "Basi nimejifungia mlango kwa mkono wangu."

Mwisho wa juma nikaenda. Nilikuta ugali umevuka kama kawaida, lakini walikuwa wanakula bila kutaniana, na hilo lilinitia hofu kuliko uzio. Walikuwa wamesikia kwa mwenyekiti kwamba kivuko kilichopangwa kiko kule karibu na barabara ya kuelekea Manundu. Mimi kwa miguu yangu ni mwendo mzuri tu. Kwa mama, mwenye goti na jicho lile na hotpoti kifuani, ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ugali ungefika Moshi kabla haujafika kwa mama mdogo.

Nikasema jambo ambalo nilidhani ni la akili. Nikasema, kwa nini msikae nyumba moja? Mmeshakaa chumba kimoja Mazingara, mkaelewana.

Mama mdogo akaangalia pembeni. Mama ndiye aliyenijibu, na alinijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jicho bovu.

"Mazingara tulikuwa wageni wote wawili," akasema. "Hapa nikihamia kwake, mimi ni mgeni wake. Akihamia kwangu, anarudi kuwa mke mdogo. Mwanangu, mimi na huyu tumeanza kupendana kwa sababu kila mmoja ana mlango wake wa kufunga."

"Na wa kumfungulia mwenzake," mama mdogo akasema.

Nikala mlenda wangu.

Mtaa ulikuwa umetangaziwa mkutano wa hadhara, watu wa kupima warudi kuonyesha mchoro na kusikiliza maoni. Nikamwambia mama asimame hapo aseme ukweli. Akakataa katakata.

"Nimeshasema uongo mbele ya serikali. Nikisema kweli sasa, si nitafungwa kwa yote mawili?"

"Hakuna atakayekufunga. Nitasimama mimi nikusemee."

Mama mdogo akatikisa kichwa. "Wewe mtu wa Handeni, unavuka reli ipi? Watakuuliza njia yako iko wapi, utawaonyesha stendi ya basi."

Siku ya mkutano tulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya ofisi ya mtaa. Mama mdogo hakuja. Alibaki kwake na mboga, kwa sababu siku hiyo ilikuwa na adhuhuri kama siku nyingine zote. Mama naye alikuwa amesonga ugali mapema, na hotpoti alikuwa ameipakata ndani ya kanga. Nilimwambia aiache nyumbani. Akaniambia nisimfundishe muda wa ugali.

Yule binti wa kofia ngumu alieleza vizuri, na mimi nilimsikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwalimu. Alitundika picha, akaonyesha nguzo, waya, ule mkono wa treni, uzio. Akasema kazi bado iko kwenye kupima na kuchora, na ndiyo maana wanataka kusikia watu kabla ya kuchora mstari wa mwisho. Fundi baiskeli akanyoosha mkono, akauliza, umeme ukikatika njiani, abiria watashuka kusukuma? Watu wakacheka. Binti naye akacheka, kisha akamjibu kwa makini kwamba njia ya umeme wa treni ni ya peke yake, haichangiwi na majiko yetu, na ikitokea hitilafu kuna utaratibu wa kuwatoa abiria salama. Hakumdharau kwa sababu ya mzaha wake. Hapo nikampenda.

Kisha akaweka kidole kwenye mchoro, mahali petu.

"Kipande hiki," akasema, "kwa mujibu wa majibu mliyotupa, hakina watu wanaokatiza. Kwa hiyo uzio unapita moja kwa moja, na kivuko cha karibu kitakuwa huku upande wa barabara. Kuna mwenye swali?"

Ungeona jinsi mtaa mzima ulivyopenda kutazama viatu vyake. Mwenyekiti alikohoa. Fundi baiskeli, aliyekuwa na maneno yote yale, akaanza kufuta mikono kwenye suruali. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze kusema kweli, ili na yeye aseme kwamba alitaka kusema. Na jua lilikuwa limefika juu.

Mama akasimama. Alisimama kwa sababu ya jua. Najua hivyo kwa sababu kwanza alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, jinsi anavyofanya anapoanza safari ya ng'ambo. Akasogea mbele mpaka akaweza kuuona uso wa yule binti.

"Mwanangu," akasema, "siku ile uliniuliza yule mbuzi wa njia ile ni wa nani."

"Ndiyo, bibi. Nakumbuka."

"Mbuzi ni mimi."

Kisha mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita viti vyote kama upepo kwenye mahindi. Fundi baiskeli akaruka, "Na mimi beberu!"

"Kaa chini wewe," mama akasema bila kugeuka. "Beberu gani hana ndevu."

Baada ya hapo walisimama wengi. Mama mmoja muuza vitumbua akasema anapita na beseni kichwani. Mwingine akasema watoto wake wanapita kwenda madrasa. Mwenyekiti mwenyewe akasimama, akarekebisha kofia yake ya kufuma, akasema kuhusu yale majibu ya mwanzo, ikumbukwe kwamba swali lilikuja ghafla.

"Kwani na mwenyekiti unapita?" binti akamuuliza.

"Huwa napita na baiskeli," mwenyekiti akasema. "Naibeba begani."

Yule binti hakukasirika. Alivua kofia, akajifuta jasho, akachukua kishikwambi chake. "Bibi," akasema, "nionyeshe."

"Ugali wangu unapoa. Itabidi tuongee huku tunatembea."

Tukawafuata, nusu ya mkutano nyuma yao. Njiani binti alikuwa anauliza na mama anajibu: anapita saa ngapi, anarudi saa ngapi, masika panakuwaje, goti linauma wakati wa kupanda au wa kushuka. Wa kushuka, mama akasema. Binti akaandika, akamweleza kwamba basi kivuko kikiwa na mteremko mlaini kitamfaa kuliko ngazi. Mama akanigeukia, akanitazama kwa lile jicho zuri, kama kusema, unasikia watu wanavyoulizwa?

Walipofika juu ya tuta mama akavua kandambili, akaweka unyayo kwenye chuma. Sote tukanyamaza bila kuambiwa.

"Unafanya nini, bibi?"

"Nasikiliza. Weka mkono hapa."

Binti akachuchumaa, akalaza kiganja kwenye reli karibu na mguu wa mama. Wakakaa hivyo, mguu mkavu wenye nyufa na kiganja kichanga, juu ya chuma kimoja.

"Sisikii kitu," binti akasema.

"Mimi pia. Basi tuvuke."

Ng'ambo, chini ya tuta, mama mdogo alikuwa amesimama mahali pake. Aliona watu wote wale juu ya reli, akaona kofia ngumu, na uso wake ukabadilika kwa hofu. Lakini hakuondoka, na mkono wake aliunyoosha kama kila siku. Mama akaushika, akashuka. Halafu mama mdogo akaunyoosha tena kwa yule binti, maana kokoto za upande ule zinateleza kwa kila mtu.

Nilimwona binti akisimama hapo chini kwa muda, anawatazama wale wawili wakikabidhiana hotpoti. Kisha akainama kwenye kishikwambi chake akaandika kitu kirefu.

Wakamkalisha, akala. Mama mdogo akamuuliza kama mlenda una chumvi ya kutosha, mama akamwambia asimsumbue mgeni, mlenda wa Kizigua haujawahi kuwa na chumvi ya kutosha. Utani ulikuwa umerudi. Chakula kilipokwisha mama akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Sasa kitajengwa?"

Binti akanawa mikono kwanza. "Nimekiingiza kwenye mchoro, bibi, na sababu zake zote. Lakini wanaoamua ni wakubwa wangu, na wao wana wakubwa wao. Siwezi kukuahidi."

"Ahsante," mama akasema. "Ungeniahidi nisingelala. Ningejua unanijibu kama mimi nilivyokujibu siku ile."

Mpaka ninapoandika haya, pale hapajavutwa waya wala kujengwa uzio. Reli ni ile ile, treni ni ile ile ya dizeli, na mama bado anavua kandambili moja. Kuna kitu kimoja tu kimeongezeka. Pembeni mwa njia, upande wa mtoni, kimepigwa kigingi cha watu wa kupima, chenye rangi nyekundu kichwani. Sijui kama kitageuka kivuko. Mama anakipitia kila adhuhuri, na akikifikia anakigusa kwa kiganja, kisha anaweka unyayo relini. Juzi nilimkuta mama mdogo amevuka kuja upande wetu, anafukuza mbuzi wa kweli waliotaka kujikuna kwenye kigingi kile.

Nimekueleza haya yote kwa sababu kupima hakutaishia Korogwe, na siku moja mtu mwenye kofia ngumu atakuuliza na wewe swali dogo. Siku hiyo usimjibu ukiwa umekaa. Inuka, beba mzigo wako wa kila siku, mwambie akufuate, na umpitishe kwenye njia yako mpaka mwisho wake.